Orodha Isiyo na Namba



Nilipoombwa kuzungumzia soko la bidhaa za anasa, niliona heri nishike kitu kimoja nikichambue hadi mwisho kuliko kupita juu juu kwenye mengi. Kitu chenyewe ni saa ya mkononi ya chuma cha pua iitwayo Daytona, inayotengenezwa na kampuni ya Rolex ya Geneva. Mtu mwenye pesa zake mfukoni, aliye tayari kulipa bei yote bila kuomba apunguziwe hata senti, anaingia duka rasmi London, Dubai au New York, na hauziwi. Anaambiwa jina lake litaandikwa kwenye orodha. Basi anatoka, anangoja mwaka, miwili, pengine mitano, na muda wote huo hajui yeye ni wa ngapi, walio mbele yake ni wangapi, wala kama jina lake bado limo. Wengi wa watu hawa wamejaa hasira, na nimesikia wakichekwa kwa hasira hiyo. Mimi siwacheki. Naona wana haki ya kukasirika, ila mara nyingi wanakasirikia kitu kisichohusika, na kwa sababu hiyo hata dawa wanayoidai haiwezi kuwaponya.

Saa hii haikuzaliwa na makuu. Rolex iliitoa mwaka 1963 kwa ajili ya madereva wa mashindano ya magari, ikiwa na kipimio cha mwendo kwenye pete inayozunguka uso wake, na jina ikalitoa Daytona Beach, mji wa Florida wenye uwanja mashuhuri wa mbio hizo. Kwa karibu robo karne ilikaa kwenye vioo vya maduka ikiwatazama wapita njia. Ilitiwa ufunguo kwa mkono wakati wateja walikwisha kuzoea saa zinazojitia zenyewe, na masonara wengi walishusha bei ili tu iwaondokee. Mwigizaji wa Marekani Joanne Woodward alimnunulia mumewe, Paul Newman, moja ya saa hizo mwishoni mwa miaka ya 1960, akachongesha mgongoni mwake maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Hakuna aliyemwambia asubiri. Oktoba 2017 saa hiyohiyo iliuzwa kwenye mnada wa Phillips huko New York kwa zaidi ya dola milioni 17.

Mwaka 1988 ndipo mambo yalipogeuka. Rolex iliiwekea Daytona mtambo wa kujitia wenyewe, ambao msingi wake ulinunuliwa kwa kampuni nyingine ya Uswisi, Zenith, kisha ukafanyiwa marekebisho mengi. Mitambo ikawa haitoshi, waliotaka saa wakazidi saa zilizopo, na maduka yakaanza kuandika majina. Mwaka 2000 kampuni ikaleta mtambo iliouunda yenyewe, kwa hiyo kile kisingizio cha kutegemea wengine kikaondoka, lakini orodha haikuondoka. Mwaka 2016 ilipotoka Daytona ya chuma yenye pete nyeusi ya kauri, orodha zilirefuka zaidi. Kisha ukaja UVIKO-19. Watu wenye pesa walifungiwa nyumbani bila safari wala karamu, na sehemu ya pesa hizo ikakimbilia kwenye saa. Mwanzoni mwa 2022, Daytona ya chuma ambayo bei yake rasmi Marekani ilikuwa takriban dola 14,500 ilikuwa ikibadilishwa mikono nje ya maduka rasmi kwa zaidi ya dola 40,000. Bei hizo zilianza kuporomoka mwaka uleule, wengi wakaumia, lakini hata baada ya kuporomoka saa iliyokwisha kuvaliwa ilibaki ghali kuliko mpya.

Ugonjwa huu si wa Rolex peke yake. Patek Philippe ilikuwa na Nautilus ya chuma, saa ambayo umbo lake la mwanzo lilichorwa na Gérald Genta na kutolewa mwaka 1976. Toleo lake lililojulikana kwa namba 5711 lilipofikia kutafutwa kupita kiasi, rais wa kampuni, Thierry Stern, aliamua mwaka 2021 kulisimamisha kabisa, kwa kuwa hakutaka nyumba yake imezwe na saa moja. Mwezi Desemba mwaka huo zikatolewa 170 za mwisho zenye uso wa rangi ya samawati ya duka la Tiffany, na ya kwanza kati ya hizo iliuzwa mnadani kwa ajili ya hifadhi ya mazingira. Ilifikia dola milioni 6.5. Bei yake ya dukani ilizidi kidogo dola 50,000.

Lakini mabilionea wa mnadani hawanihusu sana leo. Tumtazame mtu aliyeweka akiba, anayetaka saa moja ya kuadhimisha kustaafu au kuzaliwa kwa mtoto, akaingia dukani.

Kwenye kioo anaziona saa zimepangwa juu ya vitambaa vyake, zinang'aa. Anasogea, anainama, na pembeni mwa saa anaona kibao kidogo kinachosema kwamba saa hizo ni za maonyesho tu. Karani anamkaribisha kwa adabu nyingi, anampa kiti, anamletea kahawa. Kisha yanaanza maswali. Unafanya kazi gani? Saa itakuwa yako au ya zawadi? Unasherehekea jambo gani? Umewahi kununua kwetu? Majibu yanaandikwa. Mgeni anaambiwa kwamba saa anayoitaka ni adimu, kwamba duka halijui litaletewa ipi wala lini, na kwamba atapigiwa simu. Anapewa kadi ya biashara yenye jina la karani. Hapewi risiti ya maombi, hapewi namba, haonyeshwi ukurasa alioandikwa. Akiuliza muda, anajibiwa kwamba ni vigumu kusema. Huo ndio mwanzo na mwisho wa kile kinachoitwa kujiandikisha.

Baada ya hapo mteja anajifunza mwenyewe. Anasikia kwa wenzake kwamba anayepigiwa simu ni yule mwenye historia ya manunuzi. Anarudi dukani akanunua hereni za mkewe, ambazo mke hakuziomba. Anarudi tena akanunua saa ya kampuni nyingine inayouzwa na duka hilohilo, saa ambayo hakuwa na haja nayo. Hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba asiponunua hivi hatapata kile. Hakuna haja ya kumwambia. Karani akifurahi zaidi leo kuliko jana, mteja anaelewa. Mwingine anapeleka chokoleti wakati wa Krismasi. Mwingine anapita kila mwezi kusalimia tu, mtu mzima mwenye kazi zake na wajukuu wake, ili karani asisahau uso wake. Na siku simu inapolia, anaitwa aje upesi. Katika maduka mengine atavishwa saa palepale na ile plastiki laini ya kiwandani itabanduliwa mbele ya macho yake, maana saa iliyobanduliwa haimvutii sana mlanguzi. Yako maduka yaliyobaki na kadi ya dhamana kwa miezi kadhaa ili mnunuzi asithubutu kuiuza. Amelipa bei kamili, na bado ndiye anayeshukuru.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Muuzaji na mnunuzi wamebadilishana nafasi. Biashara imegeuka fadhila, na mwenye pesa yake halali amefanywa mwombaji bila kuambiwa anaombea kwa nani wala atahukumiwa kwa kipimo gani.

Sasa tuwatendee haki watengenezaji. Je, uhaba ni wa kweli? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Rolex haitangazi inatengeneza saa ngapi, ila wachambuzi wa benki wanakadiria kwamba zinazidi milioni moja kwa mwaka. Hicho si kiasi kidogo, na ni kosa kudhani kwamba kuna ghala mahali fulani lililojaa saa zilizofichwa. Kampuni inayeyusha dhahabu yake yenyewe na kutengeneza karibu kila kipande cha saa zake katika viwanda vyake vya Geneva na Bienne, na tangu 2015 inaahidi kwamba kila saa itakayotoka haitapotea zaidi ya sekunde mbili kwa siku, mbele au nyuma. Fundi saa hafunzwi kwa mwezi mmoja. Mwaka 2021, malalamiko yalipozidi, kampuni ilitoa tamko kwamba uhaba huo si mkakati wake, na kwamba haiwezi kutosheleza mahitaji yote bila kushusha ubora. Mimi nalikubali tamko hilo. Tena kampuni imeanza kuongeza uwezo wake: inajenga kiwanda kikubwa kipya Bulle, katika jimbo la Fribourg, kwa gharama ya zaidi ya faranga bilioni moja, kikitarajiwa kuanza kazi mwaka 2029.

Kwa nini basi isipandishe bei mpaka wanaotaka walingane na saa zilizopo? Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa uchumi angependekeza hivyo. Mwaka 1991 Gary Becker wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika makala fupi iliyoanzia kwenye mkahawa mmoja wa samaki huko Palo Alto, California. Mkahawa huo ulikuwa na foleni kila siku. Wa jirani yake, wenye chakula cha bei inayokaribiana, ulikuwa na viti vitupu. Becker alijiuliza kwa nini mwenye foleni hapandishi bei. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna vitu ambavyo mtu huvitaka zaidi kwa sababu wengine wanavitaka. Foleni yenyewe ni sehemu ya utamu. Ukipandisha bei ukaipunguza foleni kidogo, huenda ikatoweka yote, maana walioivutia ni haohao waliokuwa wamesimama. Tangu nisome makala hiyo sijapata maelezo bora zaidi kuhusu Daytona. Saa hii ilikaa dirishani miaka ishirini na mitano ikiwa na bei ndogo, na hakuna aliyeitaka. Ilipoanza kukosekana ndipo ikawa ya lazima.

Kuna sababu ya pili, nayo ni aibu. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwauliza watu nchini Kanada: duka limekuwa likiuza koleo za kuondolea theluji kwa dola 15, na asubuhi baada ya dhoruba linapandisha hadi dola 20, je, ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Kampuni inayotaka kuheshimiwa kwa miaka mia haitaki kuonekana kama duka hilo. Na ipo sababu ya tatu, ambayo Waswisi hawaisahau. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, na katika miaka kumi na mitano iliyofuata ajira katika viwanda vya saa vya Uswisi zilishuka kutoka kama 90,000 hadi kama 30,000. Kizazi kilichoona vijiji vya milima ya Jura vikifunga karakana hakikimbilii kupandisha bei kila soko linapochemka, kwa kuwa kinajua kwamba soko hupoa. Rolex inaweza kumudu subira hiyo. Tangu kufa kwa mwanzilishi wake, Hans Wilsdorf, mwaka 1960, imekuwa mali ya wakfu alioufungua mwenyewe mwaka 1945, na haina wanahisa wa soko la hisa wanaodai faida ya kila robo mwaka.

Yote hayo nayaheshimu. Lakini uamuzi wa kuacha bei chini una matokeo ambayo kampuni haiwezi kuyakana. Kitu kinapouzwa dola 14,500 dukani na dola 40,000 mtaani, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2022, karani wa duka ana dola 25,500 za kugawa kila anapoamua nani apigiwe simu. Thamani hiyo haipotei hewani. Lazima imwendee mtu. Ikimwendea mnunuzi anayeivaa saa, vizuri. Ikimwendea mlanguzi anayeiuza kesho yake Deira, Dubai, ndiyo ile kero ambayo maduka yanaipigia kelele. Lakini sehemu yake inarudi dukani kwa njia ya hereni zisizoombwa na saa zisizotakiwa, na hiyo ndiyo sehemu isiyosemwa. Kwa hesabu yoyote ya kweli, mteja aliyetumia dola 10,000 kwa vitu asivyovihitaji ili afikiriwe, amelipa dola 24,500 kwa saa ya dola 14,500. Bei imepanda kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alivyotabiri, ila imepandia gizani.

Nasisitiza neno gizani kwa sababu ndilo linalotofautisha kungoja na kunyanyasika. Mwaka 1985 David Maister, aliyekuwa amefundisha Harvard, aliandika kuhusu saikolojia ya foleni. Alionyesha kwamba muda wa saa hauamui peke yake jinsi mtu anavyoumia. Kungoja kusiko na mwisho unaojulikana huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye mwisho. Kungoja kusikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Na kungoja kunakoonekana hakuna haki huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye haki. Chukua mambo hayo matatu uyaweke mbele ya orodha ya sonara: mwisho haujulikani, sababu haielezwi, na haki haiwezi kupimwa kwa kuwa hakuna anayeiona orodha. Kama mtu angetumwa kubuni namna ya kungoja itakayomuumiza binadamu kwa ukamilifu, angerudi na kitu kinachofanana sana na hiki.

Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji Maister. Baada ya vita vya Kagera, sukari, sabuni na khanga viliadimika, na watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika. Ilikuwa taabu, na sitaki mtu yeyote anisikie nikiisifu. Lakini foleni ile uliiona. Uliona mgongo wa mwenzako mbele yako; kikapu kilishika nafasi ya aliyekwenda kunyonyesha mtoto; na mtu akichomekea, watu walipiga kelele, na kelele zao zilikuwa na nguvu kwa sababu kila mmoja alijua nani alitangulia. Kilichowachoma watu moyo zaidi ni mlango wa nyuma. Walijua kwamba mfuko mmoja unauzwa mbele na mitatu imetoka uani usiku kwa wenye kujuana na mwenye duka. Orodha ya saa za kifahari ni mlango huo wa nyuma, umepakwa rangi nzuri, umewekewa kiti na kahawa, na hakuna foleni ya mbele kabisa. Mteja hawezi kupiga kelele kwamba amechomekewa. Atajuaje?

Najua wapo hapa wanaojiuliza kwa nini tuwahurumie watu wanaokosa saa ya maelfu ya dola wakati wengine wanakosa maji. Swali hilo ni halali, na sitoi jibu la kulikwepa. Sisemi kwamba shida hizi zinalingana. Nasema tabia hii ni moja, na inajifunzwa. Mtu aliyezoea kwamba kitu adimu hugawiwa kwa hiari ya mwenye funguo, chini ya jina la orodha, ataona ni kawaida pia kwenye viwanja vya makazi, kwenye nafasi za shule, kwenye kitanda cha hospitali. Saa ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu haina dharura: hakuna atakayekufa kwa kuikosa, kwa hiyo tunaweza kuitazama bila machozi na kuona jinsi mtambo wa upendeleo unavyofanya kazi.

Tena sidai kwamba kila kitu lazima kipatikane kwa mwenye pesa. Kuna kungoja ninakokuheshimu kabisa. Katika bonde la Joux huko Uswisi, fundi saa Philippe Dufour alianza mwaka 2000 kutoa saa aliyoiita Simplicity, akizing'arisha vipande vyake kwa mkono katika karakana ndogo ambayo zamani ilikuwa shule ya kijiji. Zote kwa jumla ni kiasi cha mia mbili na kitu, na zilimchukua miaka mingi. Kwenye kisiwa cha Man, Roger Smith, mwanafunzi wa fundi saa George Daniels, anatoa saa chache sana kwa mwaka pamoja na mafundi wake. Anayengoja saa ya mabwana hao anajua anangoja nini: mikono ya watu kadhaa, na siku zenye saa zilezile ishirini na nne. Muda ukiwa mrefu, urefu wake una sababu inayoonekana, na daftari likijaa, linafungwa.

Na kuna saa ambazo hazikuwahi kuwa za kununuliwa na kila mtu, na hakuna aliyedanganywa. Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos wa Oman aliagiza Rolex zenye nembo ya jambia usoni, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akawatunuku maofisa na watu waliolitumikia taifa lake. Wenzetu wenye ndugu Muscat huenda wamewahi kuiona moja, na leo wakusanyaji wanazigombania minadani. Zawadi ya mfalme haina orodha, na haijifanyi kuwa nayo. Anayepewa anashukuru, kwa kuwa hakulipa. Kilichoharibika katika maduka tunayoyazungumzia ni kuchanganya mambo mawili: kumlipisha mtu kama mnunuzi na kumchagua kama mtunukiwa.

Watetezi wa maduka wana hoja moja yenye uzito. Wanasema wakifuata namba tu, walanguzi watajiandikisha kwa majina mia, na saa hazitafika kwa wanaozipenda. Ni kweli kwamba foleni ya wazi ina balaa lake. Tarehe 26 Machi 2022 Swatch ilipoanza kuuza MoonSwatch, saa iliyobuniwa pamoja na Omega na kuuzwa faranga 250, umati ulilala nje ya maduka katika miji mingi ya dunia, wengine wakiwa wamelipwa kusimama badala ya wengine, na baadhi ya maduka yalilazimika kufunga milango kwa sababu ya msukumano. Foleni ya miguu humpa ushindi mwenye muda mwingi na kifua kipana. Sipendekezi hiyo.

Ninachopendekeza kinatumika tayari kwingine. Wauzaji wa viatu vya michezo vinavyogombaniwa huchezesha bahati nasibu kupitia programu za simu: unajiandikisha kwa jina na kitambulisho, droo inachezeshwa, unajua siku hiyohiyo umepata au umekosa. Watengenezaji wadogo wa saa nao hufungua maagizo kwa muda maalumu, kila aliyelipa amana ndani ya muda huo anatengenezewa, na tarehe ya kupokea inatajwa. Duka la saa linaweza kumwandika mtu mmoja saa moja, kwa pasipoti, likampa namba iliyoandikwa, likamwambia kila mwaka amefika wapi, na likafunga orodha inapozidi uwezo wake. Kumwambia mteja "orodha imejaa, hatuandiki tena" ni jibu gumu, lakini ni jibu. Mtu anakwenda zake, ananunua kitu kingine, maisha yanaendelea. Na duka linalotaka kuwauzia kwanza wateja wake wa siku nyingi linaweza kuliandika hilo ukutani: nusu ya saa ni kwa wateja wetu wa zamani, nusu ni kwa droo. Mimi nisingelaumu. Upendeleo uliotangazwa ni sera ya biashara. Mtu anaweza kuupima na kuamua kama anautaka.

Kwa nini hilo halifanyiki? Si kwa ugumu wa hesabu. Daftari lenye namba linamnyang'anya karani na mwenye duka uwezo wa kupima mfuko wa kila anayeingia. Hereni zisingeuzika. Kwa miaka mingi kiwanda kilikuwa na utetezi wa kweli hapa, kwamba chenyewe karibu hakiuzi rejareja. Kinapeleka saa kwa masonara walioidhinishwa, na jinsi sonara anavyowahudumia wateja wake ni shauri lake. Hata hivyo kiwanda hakikuwa mbali na kaunta kama kilivyosema. Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Rolex Ufaransa faini ya euro milioni 91.6 kwa kuwazuia wauzaji wake kuuza kwa intaneti. Anayeweza kumkataza sonara kuuza kwa njia fulani anaweza pia kumtaka aandike namba kwenye orodha yake.

Na utetezi huo sasa umeisha nguvu. Agosti 2023 Rolex ilitangaza kwamba inainunua Bucherer, nyumba ya masonara iliyoanzishwa Lucerne mwaka 1888, iliyokuwa wakati huo na maduka zaidi ya mia, hamsini na matatu kati ya hayo yakiuza Rolex. Nyumba hizo mbili zilikuwa na ushirika tangu mwaka 1924. Kwa hiyo leo, katika maduka hayo, anayetengeneza saa, anayepanga bei, anayeamua zipelekwe ngapi, na anayemwajiri karani mwenye daftari, ni mmoja. Bulle itachukua miaka. Namba kwenye orodha hazihitaji kiwanda, na wa kuzidai kwake sasa anajulikana.